Parachuti kuu ilipogoma angani: maelezo yangu, na maswali yenu nayakaribisha

#1. Mwanzilishi wa uzi (Lang'ata)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Imezunguka katika makundi ya WhatsApp hapa Nairobi video fupi ya mrukaji ambaye parachuti yake ilifunguka vibaya, ikamzungusha kwa nguvu, akaitupa, kisha akafungua nyingine na kutua salama. Maoni niliyoyasoma chini yake ni ya aina mbili tu. Wengine wanasema ni muujiza mtupu, na wengine wanasema aliyemuuzia kifaa hicho afungwe jela. Sina ugomvi na anayemshukuru Mungu, maana hata mimi nilimshukuru siku yangu ilipofika. Hata hivyo, nimeruka kwa miaka kadhaa, nimekutwa na tatizo lilelile, na naona jambo kubwa zaidi katika video ile halijasemwa na mtu yeyote: mrukaji yule alikuwa amekwisha kuamua atafanya nini, na atafanya katika kimo gani, kabla hajapanda ndege.

Nianze na kifaa chenyewe. Mrukaji wa michezo hubeba mkoba mmoja mgongoni wenye parachuti mbili. Parachuti kuu hukaa sehemu ya chini ya mkoba, na ile ya akiba hukaa juu yake, karibu na mabega. Kuu unaweza kuikunja mwenyewe, na warukaji wengi hufanya hivyo sakafuni huku wakipiga soga. Ya akiba haiguswi na mtu asiyekuwa fundi mwenye leseni. Akishaikunja huifunga kwa uzi mwekundu na kipande cha madini ya risasi chenye alama yake, ili ionekane mara moja kama kuna aliyeichezea. Nchini Marekani sheria inataka ifunguliwe, ikaguliwe na kukunjwa upya kila baada ya siku 180, hata kama haikutumika kabisa.

Kifuani kuna vishikio viwili. Cha kulia, ambacho aghalabu ni chekundu na laini kama mto mdogo, huiachia parachuti kuu iende zake. Cha kushoto, ambacho mara nyingi ni cha chuma, hufungua ya akiba. Mpangilio ni huo: kwanza kulia, halafu kushoto.

Siku yangu ilinikuta Afrika Kusini, katika klabu ambayo sina sababu ya kuitaja kwa sababu haikuwa na kosa. Tulitoka ndegeni katika kimo cha kawaida, kama futi 12,000 juu ya ardhi, na sehemu ya kuanguka ikapita bila tatizo lolote. Nilipofika kimo changu cha kufungulia, nilirusha ile parachuti ndogo inayoivuta kuu itoke mkobani, nikasikia kamba zikitoka mkobani, kisha nikavutwa upande mmoja badala ya kuvutwa juu. Nilipoinua macho niliona kitambaa kimejaa hewa vizuri lakini kamba zimesokotana kuanzia nyuma ya shingo yangu hadi karibu nusu ya urefu wake. Kidevu changu kilikuwa kimesukumwa kifuani na ile mikanda ya mabegani, kwa hiyo hata kutazama juu kulihitaji nguvu.

Kamba kusokotana si jambo geni, na mara nyingi si hatari: unaitanua mikanda kwa mikono, unapiga teke hewani, mwili unazunguka kinyume na kamba zinaachana. Hatari huja kitambaa kinapoinama upande mmoja na kuanza kuzunguka. Hapo kila mzunguko unaongeza kasi ya mzunguko unaofuata, miguu inarushwa nje hadi unakaribia kulala sawa na upeo wa macho, na damu inakimbilia miguuni. Changu kilianza hivyo. Nilipiga teke, nikapiga tena, nikaangalia altimita, yaani kipima-kimo, mkononi. Mshale ulikuwa unashuka kwa mwendo ambao hauonekani parachuti inapofanya kazi yake.

Mimi nilikuwa nimejiwekea futi 2,500 kuwa ndicho kimo cha mwisho cha kubishana na parachuti mbovu. Mshale ulipokaribia hapo niliacha kupiga teke. Nilitazama kishikio chekundu, nikakishika. Nikatazama cha chuma, nikakiingiza kidole gumba. Kutazama ni lazima, kwa sababu mzunguko unaweza kuusogeza mkanda wa kifua na vishikio visiwe pale ambapo mkono umezoea kuvikuta. Nilivuta chekundu hadi mkono ukanyooka kabisa, na nyaya mbili za njano zinazoizuia parachuti kuu isiachie zikatoka zote.

Kilichofuata ni ukimya, kisha tumbo likapanda kooni. Nilikuwa naanguka tena, chali, na nikiwa bado navuta kishikio cha pili nilihisi mgongo wa mkoba ukifunguka. Parachuti ya akiba hutoka kwa haraka isiyo na adabu: kuna springi inayosukuma parachuti ndogo nje, nayo inavuta kila kitu nyuma yake. Nilipotazama juu palikuwa na kitambaa cheupe, cha mraba, kilichonyooka. Altimita ilisoma kama futi 2,000. Nilikuwa na muda wa kutosha kutafuta uwanja, kugeukia upepo na kutua kwa miguu yangu.

Naomba maswali, ila tubaki kwenye mada.

#2. Mama wa Embakasi

Asante kwa maelezo, kijana wangu. Mimi siruki na sitaruki, lakini mwanangu wa kiume amemaliza chuo na sasa anaweka akiba ya pesa ili aende Diani kuruka kwa parachuti pamoja na mwalimu. Amenionyesha picha za pwani kutoka juu, na kwa kweli ni nzuri, lakini usingizi umenitoka. Swali langu la kwanza ni hili: ikiwa parachuti ya akiba ndiyo nzuri na imefungwa na fundi mwenye leseni, kwa nini mtu asiifungue mara moja tu anapoona ya kwanza imeharibika, badala ya kupoteza muda kuitupa ile mbovu?

#3. Mstaafu wa jeshi (Kahawa West)

Mama, kwetu jeshini ndivyo tulivyofundishwa hasa, na naomba mwanzilishi wa uzi asiseme kwamba njia ni moja tu. Sisi tuliruka chini sana, kama futi 1,000, na parachuti ilifunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye ndege. Ukitoka mlangoni unahesabu, unatazama juu, na kama kitambaa hakikujaa au kimechanika, unavuta ya akiba iliyo tumboni mwako na kuisukuma kwa mkono itoke mbali na ile mbovu. Hakuna kutupa ya kwanza. Kutoka kimo kile ukianza kucheza na vishikio viwili utamaliza hesabu ukiwa ardhini.

Nimeiona video hiyo, na kwa macho ya askari wa zamani, kijana alichelewa. Alizunguka mara nyingi mno kabla ya kuamua.

#4. Mwanzilishi wa uzi

Mzee, shukrani, na hilo ulilosema ndilo jibu la Mama kwa nusu ya kwanza. Parachuti zile za jeshi ni za duara: zinashuka karibu wima, hazina kasi kubwa ya kwenda mbele, na mbili zikiwa juu ya kichwa kimoja zinaweza kuvumiliana kwa kiasi fulani. Tena kimo ni kidogo mno kwa hatua mbili. Ninyi mlifundishwa sawa kwa vifaa vyenu na kimo chenu.

Parachuti za michezo ni mabawa. Zinapaa kwenda mbele, na ile mbovu inayozunguka bado ina nguvu ya bawa. Mama, ukifungua ya akiba huku kuu ikiwa bado imeshikamana nawe na inazunguka, hiyo ya akiba inatoka moja kwa moja kuelekea kwenye kamba zilizosokotana. Zinaweza kufungana zikawa furushi moja, na hapo hakuna parachuti ya tatu. Hata zikifunguka zote mbili vizuri, zina tabia tatu tofauti. Huenda zikapangana moja nyuma ya nyingine, na hapo mrukaji hushauriwa aendeshe kwa upole ile ya mbele na atue nazo zote. Huenda zikakaa ubavu kwa ubavu, na hapo pia mara nyingi unaweza kutua. Lakini zikiachana na kuelekea chini pande mbili, kila moja ikimvuta mtu upande wake, kasi ya kushuka inakuwa kubwa sana na ni lazima kuu iachiwe mara moja.

Ndiyo maana utaratibu ni kuiachia kuu kwanza, isipokuwa ukiwa chini mno. Chama cha waruka-parachuti cha Marekani, USPA, kinashauri kwamba mwanafunzi na mwenye leseni ya kwanza awe ameshaamua na kuchukua hatua kabla ya kushuka chini ya futi 2,500, na wenye leseni za juu zaidi kabla ya futi 1,800. Chini ya futi 1,000 hakuna tena kuiachia kuu. Unafungua ya akiba juu ya hiyo mbovu na kutumaini kuwa vitambaa viwili vitapunguza kasi. Huo ni uamuzi wa kuchagua baya lililo afadhali.

Kuhusu kuchelewa, Mzee, nakubaliana nawe nusu. Video haionyeshi altimita yake, kwa hiyo hatuwezi kumhukumu kwa idadi ya mizunguko. Kama alifungua katika futi 5,000 alikuwa na nafasi ya kujaribu. Kama alifungua katika futi 3,000 hakuwa nayo. Tatizo la kamba kusokotana ni kwamba linakuambia "jaribu mara moja tena". Kitambaa kipo, kimejaa, kinaonekana kama kitu kinachoweza kurekebishwa. Mtu ambaye kitambaa chake hakikutoka kabisa haulizwi na nafsi yake, anavuta. Mwenye kitambaa kilichofunguka robo tatu ndiye anayebaki akishindana nacho huku ardhi inakuja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote, kwa sababu inafanana na parachuti nzima.

#5. Mwalimu wa fizikia (Buruburu)

Naomba kuongeza hesabu, kwa kuwa naona wengi hawaipati picha ya muda. Mtu anayeanguka kifudifudi hufikia kasi ya takribani kilomita 200 kwa saa, yaani kama mita 55 kwa sekunde. Futi 1,000 ni mita 305. Kwa hiyo kila futi 1,000 zinateketea kwa sekunde tano na nusu hivi. Kutoka futi 2,500 hadi chini, kwa kasi hiyo, ni sekunde kumi na nne. Ukitoa sekunde chache za parachuti kufunguka, utaona kwamba nafasi ya kufikiri ni ndogo sana, na anayeanza kutafuta kishikio akiwa hapo hana cha kubakiza.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa Nairobi hasa. Uwanja wa ndege wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ukunda, pale Diani, uko karibu na usawa wenyewe. Hewa yetu hapa juu ni nyepesi zaidi, kwa takribani asilimia kumi na tano. Ili hewa nyepesi izae nguvu ileile ya kuinua au kuzuia, mwendo lazima uongezeke, na ukikokotoa unapata ongezeko la kasi la asilimia nane au tisa. Kwa hiyo parachuti ileile, na mtu yuleyule, hutua kwa kasi kubwa zaidi Nairobi kuliko pwani, na hata kuanguka kabla ya kufungua ni kwa kasi zaidi. Sekunde kumi na nne nilizozitaja zinapungua na kuwa kumi na tatu hivi.

Sasa swali langu kwa mwanzilishi. Nimesikia kuna kompyuta ndogo inayofungua parachuti ya akiba yenyewe. Kama ipo, kwa nini tunazungumza habari ya uamuzi? Si aiachie kompyuta?

#6. Msomaji wa Ngara

Mimi naona ni mchezo wa watu waliochoka na pesa. Mtu anatoka kwenye ndege nzima, injini inaunguruma, rubani yupo, halafu tunaambiwa tumwonee huruma.

#7. Mwanzilishi wa uzi

Ndugu wa Ngara, huruma sikuiomba. Mchezo ni ghali, hilo ni kweli.

Mwalimu, swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri. Kifaa hicho kipo, na kinachojulikana zaidi kinaitwa CYPRES, kilichobuniwa na Mjerumani Helmut Cloth na kuingia sokoni mwaka 1991. Kinapima shinikizo la hewa, kinakokotoa kimo na kasi, na kikiona kwamba bado unaanguka kwa kasi kubwa ukiwa karibu na ardhi, kinalipua kisu kidogo kinachokata kitanzi kinachofunga parachuti ya akiba. Hakivuti kishikio, kinakata kitanzi tu, springi inafanya mengine. Kimeokoa watu wengi, wakiwemo waliozimia angani baada ya kugongana na wenzao.

Lakini tazama masharti yake. Toleo la warukaji wazoefu hufanya kazi katika kimo cha kama mita 225 juu ya ardhi, na kwa sharti kwamba unashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Jengo la KICC lina urefu wa mita 105. Weka majengo mawili ya KICC, moja juu ya jingine: kifaa kinaamka ukiwa juu kidogo tu ya hapo, na kwa kasi ile ya mita 55 umebakiwa na sekunde nne. Hiyo ni njia ya mwisho kabisa.

Halafu lipo lililo gumu zaidi. Mtu mwenye parachuti inayozunguka, kama mimi siku ile, anaweza kuwa anashuka kwa mita 20 au 25 kwa sekunde. Kasi hiyo inatosha kumuua au kumvunja vibaya, lakini haifikii mita 35. Kifaa kinamtazama na kuona mtu ambaye parachuti yake imefunguka. Hakitafanya lolote, na hata kingefanya, hakiwezi kuiachia ile kuu. Kwa hiyo katika tatizo hili tunalolijadili, kompyuta si msaada. Mkono wa kulia ndio msaada.

Na kwa kuwa umetaja Wilson na Ukunda, Mwalimu, umenikumbusha jambo ambalo kila mrukaji wa Nairobi anapaswa kulijua. Kifaa hiki kinapowashwa hujifunza kwamba shinikizo la hewa la mahali hapo ndilo la ardhini. Ukikiwasha sebuleni Lang'ata asubuhi, kisha ukasafiri nacho hadi pwani bila kukizima na kukiwasha upya, kinaweza kuamini kuwa ardhi iko juu zaidi ya mita elfu moja na mia sita kuliko ilivyo, na kikafungua ya akiba ukiwa bado juu sana, pengine mwenzako yuko mita chache juu yako. Ukifanya kinyume chake, ukakileta kutoka pwani kikiwa kimewashwa, kimo chake cha kufanyia kazi kitakuwa chini ya udongo wa Nairobi, nacho hakitafungua kamwe. Ndiyo maana watengenezaji wanasisitiza kiwashwe uwanjani pale pale unaporukia. Kinajizima chenyewe baada ya saa 14, lakini saa 14 ni nyingi kuliko safari ya Mombasa.

Nirudi kwenye kuiachia kuu, kwa sababu hapo ndipo pana ufundi ninaoupenda. Mtu anayezungushwa huwa na uzito mkubwa kuliko wake kwenye ile mikanda ya mabegani, na zamani vifungo vya kuachia vilikuwa vigumu, vingine vikihitaji hatua zaidi ya moja kwa kila bega. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani Bill Booth alibuni mfumo wa pete tatu. Pete kubwa iko kwenye mkanda wa mwili, na nyingine mbili, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, ziko kwenye mkanda wa parachuti. Kila pete inapitishwa ndani ya nyingine, na ya mwisho inashikwa na kitanzi chembamba cha uzi, ambacho nacho kinashikwa na waya wa njano. Kila pete inagawanya mzigo, hivyo mzigo wa mamia ya kilo ukifika kwenye kitanzi umekuwa mdogo kiasi cha kuzuiwa na waya laini. Ukivuta kishikio chekundu waya unatoka, kitanzi kinateleza, pete zinapinduka moja baada ya nyingine, na mabega yote mawili yanaachia kwa pamoja. Nimeziangalia pete zangu mara nyingi tangu siku ile, na kila mwezi nazifungua na kuusafisha waya, kwa sababu waya mchafu huvutwa kwa shida.

Mtaniuliza kwa nini ya akiba ilianza kutoka kabla sijamaliza kuvuta kishikio cha pili. Kuna ukanda mwembamba unaounganisha mkanda mmoja wa parachuti kuu na pini ya akiba: kuu inapoondoka, inaivuta ile pini. Baadhi ya warukaji hawaupendi, wakihofia kwamba akiba itatoka wakati mwili bado unazunguka na kamba zake zisokotane pia. Hoja hiyo ina uzito wake, hasa kwa wanaoruka na vitambaa vidogo vya kasi. Mimi ni mtu wa kitambaa kikubwa, na ukanda huo siutoi.

#8. Mwalimu wa fizikia (Buruburu)

Nimeridhika na jibu, ila nitetee vifaa vya kujifungua kidogo. Joseph Kittinger, rubani wa jeshi la anga la Marekani, aliruka kutoka kwenye puto mwezi Novemba 1959 katika kimo cha zaidi ya futi 76,000. Parachuti yake ndogo ya kumtuliza ilitoka mapema mno, ikamzinga shingoni, akazungushwa hadi akapoteza fahamu. Alipozinduka alikuwa ananing'inia chini ya parachuti ya dharura iliyojifungua yenyewe. Agosti mwaka uliofuata aliruka tena, kutoka futi 102,800, na aliishi hadi mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 94. Aliyezimia hana mkono wa kulia.

#9. Mwanzilishi wa uzi

Umesema kweli, Mwalimu, na ndiyo sababu sipandi ndege bila kifaa hicho. Ninachokataa ni kukihesabu ndani ya mpango.

#10. Mstaafu wa jeshi (Kahawa West)

Sasa tumeelewana. Kijana, niulize: mazoezi mnayafanya wapi? Sisi tulining'inizwa kwenye mikanda, tukapigiwa kelele hadi mkono ukawa unakwenda wenyewe.

#11. Mwanzilishi wa uzi

Vivyo hivyo, Mzee, ila kelele zimepungua. Mwanafunzi huning'inizwa kwenye mikanda, anaonyeshwa picha ya parachuti yenye hitilafu, naye anatakiwa kutaja ni nini na kuvuta papo hapo. Picha zinabadilishwa: kitambaa kizima chenye seli (vyumba vya hewa) chache za pembeni zilizofungwa, ambacho hakihitaji kutupwa, kamba iliyopita juu ya kitambaa na kukigawa vipande viwili, mkoba mdogo wa ndani wa kitambaa uliokataa kufunguka. Kanuni ni tatu: kitambaa kiwe na umbo lake, kiwe thabiti, kikubali kuongozwa. Kikikosa moja kati ya hayo na kimo kimefika, kinaondoka.

Mimi hapa Nairobi, kwa kuwa hakuna kuruka kila wiki, nauvaa mkoba nyumbani, nafumba macho na kugusa vishikio, kisha nayafumbua na kuvitazama kabla ya kushika. Majirani wa ghorofa ya pili wamezoea. Asubuhi ya siku ya kuruka narudia tena, na mara ya mwisho narudia ndani ya ndege kabla mlango haujafunguliwa.

Na kwa kuwa Msomaji wa Ngara alitaja pesa: kuna desturi katika viwanja vingi kwamba aliyeokolewa na parachuti ya akiba humnunulia fundi aliyeikunja chupa ya kinywaji anachokipenda. Fundi wangu hanywi pombe, akaomba majani ya chai ya Kericho. Nilipeleka.

#12. Mama wa Embakasi

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Mwanangu naye amesoma, akacheka pale pa majirani. Sasa nisaidieni: yeye hatashika kishikio chochote, atafungwa kifuani mwa mwalimu. Je, hayo yote yanamhusu? Na mimi kama mzazi nimuulize nani, na nimuulize nini, bila kuonekana mshamba?

#13. Mwanzilishi wa uzi

Mama, kuuliza si ushamba, na mwalimu mzuri hufurahi akiulizwa.

Katika mruko wa watu wawili, uamuzi wote ni wa mwalimu. Baada ya kutoka ndegeni anaachia parachuti ndogo ya kupunguza kasi, kwa sababu uzito wa watu wawili bila hiyo ungewafanya waanguke kwa kasi iliyopita kiasi. Parachuti kuu hufunguliwa juu zaidi kuliko ya mrukaji mmoja. Kwa kanuni za USPA haipaswi kufunguliwa chini ya futi 5,000. Kwa hiyo muda wa kushughulikia hitilafu ni mrefu zaidi. Ya akiba ni kubwa, imetengenezwa kwa watu wawili, na kile kifaa cha kujifungua ni cha lazima. Chama hicho kinamtaka mwalimu wa aina hiyo awe na angalau miruko 500 na miaka mitatu katika mchezo kabla hajaanza kufunzwa kazi hiyo.

Ili usidhani nakuficha, ajali zipo. Mwaka 2023 Marekani ilirekodi vifo 10 katika miruko takribani milioni 3.65 ya aina zote. Ni idadi ndogo kuliko ya miaka ya 1970, wakati vifo vilikuwa makumi kwa mwaka na warukaji wakiwa wachache, lakini si sifuri.

Mwambie mwanao aulize mambo haya kabla ya kulipa: mwalimu wake ana leseni ya nchi au chama gani ya kubeba abiria, shughuli yao ina kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, na upepo ukizidi watamrudishia pesa au watampangia siku nyingine. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini klabu isiyo na jibu lake huenda ikashawishika kuruka siku isiyofaa. Yeye mwenyewe atimize kazi yake ndogo: akiambiwa apinde mgongo na kuinua miguu wakati wa kutua afanye hivyo, na asishike mikono ya mwalimu angani hata akiogopa.

#14. Mama wa Embakasi

Na hiyo ya akiba, nitajuaje kweli imekunjwa na fundi na si hadithi?

#15. Mwanzilishi wa uzi

Kila mkoba una kadi yake, Mama, ambayo huwekwa katika mfuko mdogo wa mkoba wenyewe au huhifadhiwa ofisini pamoja na rekodi nyingine. Ina tarehe ya kukunjwa, jina la fundi, namba ya leseni na sahihi yake, na alama iliyo kwenye kile kipande cha risasi inapaswa kulingana na ya kadi. Mwanao aombe kuiona, aipige picha, akutumie. Ukiona tarehe imepitwa na muda unaotakiwa, nitumie ujumbe wa faragha hapa hapa jukwaani kabla hajavaa ile mikanda.